Dawa za Chunusi Zisitumiwe Ovyo

Kila mwaka, kuanzia tarehe 18 hadi 24 Novemba, Shirika la Afya Duniani huyakumbusha mataifa juu ya hatari ya vijidudu vya maradhi vinavyozoea dawa hata visife tena. Hotuba hutolewa, mabango hubandikwa katika hospitali, na mwananchi wa kawaida hudhani kwamba habari hizo zinawahusu madaktari peke yao. Katika makambi ya jeshi na vituo vya polisi dhana hiyo huwa na nguvu zaidi, kwa kuwa askari amezoea kumtambua adui kwa silaha aliyoishika. Hata hivyo, ipo njia moja ambayo hatari hii huingia kambini mchana kweupe, nayo ni ndogo kiasi cha kuchekesha. Ni vidonge ambavyo askari kijana humeza ili aondoe chunusi usoni.

Yafaa kusema kwanza kwamba chunusi si jambo la kudharauliwa. Wanaoingia jeshini na polisi wengi wao ni vijana, na huo ndio umri ambao chunusi hushamiri. Kuruta mwenye uso uliojaa vipele hutaniwa na wenzake, naye huweza kuona haya hata kusimama mbele ya gwaride. Chunusi kali hutunga usaha, huuma, na huacha makovu ya maisha. Na katika ngozi nyeusi hata kipele kidogo kikipona huacha doa linaloweza kukaa miezi mingi. Zaidi ya hayo, kazi yenyewe huichochea. Ukanda wa kofia ya chuma unaosugua kidevu, mikoba mizito inayolalia mabega, jasho la mafunzo na kombati isiyovuliwa kwa siku nzima, yote hayo huzidisha vipele. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na tena katika vita vya Vietnam, madaktari wa kijeshi waliwaona askari waliotoka nchi za baridi wakipata chunusi kali za mgongo na kifua kwa sababu ya joto na unyevu, wengine wakashindwa kubeba vifaa vyao. Kwa hiyo askari anayetafuta tiba ana haki ya kuitafuta. Linalozungumzwa hapa ni tiba ipi, kwa muda gani, na kwa amri ya nani.

Ili jambo hili lieleweke, ni lazima ijulikane chunusi hutokana na nini. Chini ya ngozi, hasa ya uso, kifua, mabega na mgongo, mna tezi ndogo zinazotoa mafuta ya kulainisha ngozi. Mtu anapobalehe, homoni za mwili huzidisha mafuta hayo. Chembe za ngozi zilizokufa hujichanganya nayo na kuziba tundu la kinyweleo. Ndani ya tundu lililozibwa, bakteria ambao siku zote huishi katika ngozi ya kila binadamu huzaana kwa wingi, mwili nao huwapiga vita, na mahali hapo huvimba. Hii ndiyo chunusi. Haitokani na uchafu, wala haitokani na ujane kama wasemavyo wazee wa vijiweni. Kusugua uso kwa sabuni kali mara tano kwa siku hakuiondoi. Huichubua ngozi na kuzidisha uchungu.

Kutokana na maelezo hayo inaonekana wazi kwamba bakteria ni sehemu moja tu ya ugonjwa. Mafuta yapo, kuziba kwa matundu kupo, na uvimbe upo. Dawa inayowapiga bakteria peke yao ni sawa na kikosi kinachoteka daraja moja na kuyaacha mengine matatu mikononi mwa adui.

Dawa zenyewe huitwa antibiotiki. Zile zinazotumika zaidi kwa chunusi ni za ukoo wa tetrasaiklini. Dawa ya kwanza ya ukoo huo ilitangazwa mwaka 1948, na doksisaiklini, ambayo sasa ndiyo inayojulikana mno, ilianza kutumika Marekani mwaka 1967. Dawa hizi hufanya kazi mbili katika chunusi: huwazuia bakteria wasizaane, na pia hupunguza uvimbe. Kwa chunusi za wastani na zile kali zimewasaidia watu wengi sana, na daktari anayeziandika hafanyi kosa. Lakini daktari anayejua kazi yake huziandika kwa masharti, na masharti hayo ndiyo ambayo muuzaji wa dukani hayasemi.

Sharti la kwanza ni kwamba chunusi ndogo hazipewi vidonge hata kidogo. Hizo hutibiwa kwa dawa ya kupaka. Sharti la pili ni kwamba mgonjwa anayepewa vidonge hupewa pamoja navyo dawa ya kupaka, ama ya benzoili peroksaidi, ama ya jamii ya retinoidi inayofungua matundu yaliyozibwa. Benzoili peroksaidi ina sifa ya pekee, kwa kuwa huwaua bakteria kwa njia ambayo hawajaweza kuizoea. Askari anayeitumia akumbuke tu kwamba huondoa rangi ya nguo, hivyo aiache ikauke kabla ya kuvaa kombati. Sharti la tatu ni muda. Nafuu haionekani kwa siku tatu. Huhitaji wiki sita hadi nane. Lakini vidonge havimezwi milele. Mwongozo wa kitabibu uliotolewa Uingereza mwaka 2021 unaagiza kwamba mgonjwa aangaliwe upya baada ya wiki 12, na kwamba matibabu ya antibiotiki yasivuke miezi sita isipokuwa kwa sababu za pekee. Vidonge vikikoma, dawa ya kupaka huendelea ili kulinda ushindi uliopatikana.

Sasa tutazame yanayotendeka. Kijana hupata mshahara wake wa kwanza, hupita katika duka la dawa karibu na kambi, huonyesha uso wake, naye huuziwa vidonge kumi bila cheti na bila maelezo. Humeza viwili asubuhi na kimoja jioni. Siku ya nne haoni mabadiliko, huvitupa vilivyobaki katika sanduku, au humgawia rafiki yake wa kitanda cha jirani. Mwezi unaofuata hununua vingine vya rangi tofauti. Mwingine huona nafuu, akapenda, akaendelea kumeza kwa miaka miwili bila kumwona tabibu. Hawa wawili wanaonekana kuwa tofauti, kumbe kosa lao ni moja. Wote wamewapa bakteria mafunzo.

Neno hilo la mafunzo ndilo linaloeleza vizuri zaidi usugu wa dawa. Katika mamilioni ya bakteria huwapo wachache ambao kwa maumbile yao wanaweza kuistahimili dawa. Dawa inapoingia, walio dhaifu hupotea na wale wachache hubaki, wakazaana, wakajaza nafasi ya waliokufa. Kila mara dawa inapotumiwa pasipo lazima, uteuzi huo hurudiwa. Kidonge kilichomezwa kwa ajili ya uso hakiendi usoni peke yake. Husambaa mwili mzima, kikawagusa bakteria wa puani, wa kooni na wa matumboni, pamoja na wale wanaosababisha majipu na vidonda vyenye usaha. Tena bakteria wana desturi ya kupeana usugu, wa aina moja wakiwarithisha wa aina nyingine. Tangu mwaka 1979 wataalamu wa Marekani walikwisha kueleza kwamba bakteria wa chunusi waliotibiwa kwa antibiotiki za kupaka walianza kuwa sugu. Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini mwaka 1928, alitoa onyo la namna hiyo mwaka 1945 alipopokea Tuzo ya Nobel, akisema kwamba atakayetumia dawa kidogo kuliko kipimo atawafundisha vijidudu kuistahimili.

Huenda msikilizaji akasema kwamba mambo hayo ni ya Ulaya na Marekani. Mfano ulio wazi kuliko yote umetoka katika nchi jirani. Mwezi Oktoba mwaka 1977 kipindupindu kilizuka Tanzania. Mwanzoni vijidudu vyote vilivyopimwa viliuawa na tetrasaiklini. Dawa hiyo ikatolewa kwa wingi, kwa wagonjwa na hata kwa watu wazima wa afya ili kuwakinga. Baada ya miezi mitano tu, vijidudu 76 katika kila 100 vilivyopimwa vilikuwa vimekuwa sugu kwa tetrasaiklini, na pia kwa dawa nyingine kadhaa. Madaktari wa Tanzania waliyaandika hayo mwaka 1979 katika jarida la kitabibu la Uingereza, na hadi leo habari hiyo hutajwa duniani kote kama funzo. Miaka mingi baadaye, mwezi Julai mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipomiminika Goma na kipindupindu kikawashukia, kijidudu kilichopatikana huko hakikuiogopa tetrasaiklini wala doksisaiklini. Maelfu kwa maelfu walikufa. Ni kweli kwamba tiba kubwa ya kipindupindu ni maji na chumvi za kurudisha nguvu mwilini, na ni kweli pia kwamba maafa hayo hayakuletwa na vidonge vya chunusi. Lakini dawa iliyoshindwa ni ya ukoo ule ule, na kanuni iliyoivunja nguvu ni ile ile: dawa iliyotapanywa kwa watu wengi pasipo kipimo hupoteza makali.

Hapo ndipo jambo hili linapomgusa askari kuliko raia. Raia akiwa na chunusi, doksisaiklini kwake ni dawa ya uso. Kwa askari, dawa hiyo hiyo ni sehemu ya zana za kazi. Majeshi ya nchi nyingi huwapa askari wao doksisaiklini kila siku wanapowapeleka katika maeneo yenye malaria, kuanzia siku moja au mbili kabla ya kuingia hadi wiki nne baada ya kutoka. Hutumika kutibu homa zinazoenezwa na chawa, kupe na viroboto, maradhi ambayo tangu zamani yameandamana na majeshi vitani. Hutumika katika tauni, ugonjwa ambao bado haujatoweka katika Ituri, ng'ambo ya mpaka wa magharibi wa Uganda. Hutumika katika homa inayoletwa na maziwa mabichi ya ng'ombe na mbuzi. Askari analala katika bweni moja na wenzake thelathini, anakula nao, anaoga nao, na pengine anatumia taulo moja nao. Bakteria sugu aliyezaliwa katika ngozi ya mmoja hahitaji kibali cha likizo ili kumfikia mwingine. Siku kikosi kitakapopata majeruhi porini, mbali na hospitali, dawa zilizomo katika mkoba wa tabibu ndizo zitakazoamua nani ataishi. Mkoba huo ni mali ya kikosi kizima. Anayezifanya dawa zake kuwa butu kwa ajili ya vipele vichache hana tofauti na mlinzi anayeacha risasi za kikosi zipate kutu.

Ukubwa wa hatari hii umekwisha kupimwa. Watafiti walikadiria kwamba katika mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria wasiosikia dawa, na mzigo mzito zaidi uliziangukia nchi za Afrika kusini ya Sahara. Mwezi Septemba mwaka 2024 mataifa yaliyokutana katika Umoja wa Mataifa yalikubaliana kupunguza vifo vya namna hiyo kwa asilimia 10 ifikapo mwaka 2030. Makubaliano ya New York hayatatimizwa New York. Yatatimizwa, au yatavunjwa, katika maduka ya dawa na zahanati za vikosi.

Mbali na usugu, yapo madhara yanayompata mmezaji mwenyewe. Tetrasaiklini, na hasa doksisaiklini, huifanya ngozi ichomwe upesi na jua, jambo lisilo dogo kwa askari wa usalama barabarani au wa doria anayesimama juani tangu asubuhi. Kidonge kinachomezwa kwa mate, na mtu akalala papo hapo, hukwama na kuchoma koo la chakula hata likawa na kidonda. Yapasa kimezwe kwa bilauri nzima ya maji, na mtu akae wima kwa muda. Maziwa, dawa za kiungulia na vidonge vya kuongeza damu huzuia dawa isiingie mwilini sawasawa. Mwanamke mjamzito hapaswi kuitumia, wala watoto wadogo wa nyumba za askari wasipewe, kwa kuwa dawa za ukoo huu huganda katika meno na mifupa inayokua na kuyatia meno rangi isiyotoka. Nazo tetrasaiklini zilizopitwa na wakati si za kuchezewa: mapema miaka ya 1960 madaktari waliwaona wagonjwa walioharibika figo baada ya kumeza vidonge vilivyooza. Kidonge kilichosahauliwa mwaka mzima ndani ya sanduku si akiba.

Liko pia jambo la kumjua adui kabla ya kufyatua. Si kila kipele ni chunusi. Askari wengi wenye nywele za kujikunja hutokwa na vipele shingoni na kidevuni kwa sababu ya kunyoa ndevu karibu mno na ngozi. Unywele uliokatwa kwa ncha kali hujipinda, ukaichoma ngozi na kurudi ndani, na mahali hapo huvimba. Kiini chake ni wembe, na kumeza antibiotiki bila kubadili namna ya kunyoa ni kazi bure. Mtu mwenye shida hiyo alainishe ndevu kwa maji ya uvuguvugu, anyoe kuelekea upande zinakoota, asiivute ngozi, au atumie mashine inayoacha ndevu fupi sana. Ikizidi, tabibu ndiye anayepaswa kumweleza mkuu wa kikosi ili apewe nafasi ya kupona. Wengine huota vipele kwa sababu ya krimu za kung'arisha ngozi zenye steroidi, ambazo mwanzoni huuremba uso na baadaye huuharibu. Wengine, katika kutafuta misuli ya haraka, hujidunga au humeza dawa za kutunisha mwili, na dawa hizo huzidisha mafuta ya ngozi na kuleta chunusi kali za mgongo na kifua. Kwa watu hao tiba ya kwanza ni kuacha chanzo.

Wajibu katika jambo hili umegawanyika. Askari mwenye chunusi aende zahanati ya kikosi, aseme kweli juu ya kila dawa na krimu aliyokwisha kuitumia, na akipewa vidonge avimeze kwa kipimo na kwa muda alioambiwa, asimgawie mtu. Akiona madhara, asikate shauri peke yake, arudi kwa aliyemwandikia. Tabibu wa kikosi asimpe askari vidonge ili amwondoe tu mlangoni. Aandike tarehe ya kuanza na tarehe ya kukoma, na asisahau dawa ya kupaka. Chunusi zenye mabonge na makovu azipeleke kwa bingwa wa ngozi, maana ziko dawa nyingine zisizo antibiotiki, zenye nguvu na masharti makali, ambazo hutolewa chini ya uangalizi wake. Mkuu wa kikosi ahakikishe kwamba askari wanapata maji na nafasi ya kuoga baada ya mazoezi, na kila mmoja ana taulo yake. Pia akemee mzaha unaowafanya vijana wakimbilie dukani kwa siri. Naye askari polisi ana wajibu wa ziada. Hapa Uganda, tangu sheria ya mwaka 1993 iliyounda Mamlaka ya Taifa ya Dawa, antibiotiki ni miongoni mwa dawa zinazopasa kutolewa kwa cheti. Ni vigumu kwa mlinzi wa sheria kuilinda kazini huku akiivunja siku ya mshahara.

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Chunusi ni ufa mdogo, nayo kwa vijana wengi huisha yenyewe umri unaposonga. Dawa iliyoharibiwa hairudi kwa urahisi namna hiyo. Katika kila ghala la silaha risasi huhesabiwa, huandikwa daftarini, na hutolewa kwa amri. Anayepiga hewani ovyo hushtakiwa, hata kama hakumjeruhi mtu. Antibiotiki zinastahili daftari la namna hiyo hiyo katika moyo wa kila askari. Siku atakapolala katika machela, damu ikimtoka na homa ikipanda, atahitaji dawa ambayo adui wa ndani bado anaiogopa.